Leseni ya teksi Arusha na Moshi: nani anatoa nini, na kwa nini halmashauri haimalizi kila kitu

Tangu Arusha ianze kujengewa uwanja wa AFCON ya 2027 kule Olmoti, watu wengi jijini wamepatwa na wazo moja: kununua gari dogo aina ya Toyota IST, kuipiga polishi na kuiingiza barabarani iwe teksi. Wazo si baya. Kazi inaanza siku ya kuulizia karatasi. Mmoja atakwambia nenda jiji, halmashauri ndio wenye mji. Mwingine atamkata kauli: jiji la nini, hiyo ni LATRA, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini. Wa tatu, mwenye shemeji anayeendesha teksi Moshi, ataapa kwamba ukishakuwa na TIN na namba nyeupe umemaliza. Wa nne atakushauri usijisumbue, jiunge na programu ya simu, huko mambo ni mteremko.

Watatu wa kwanza kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Wa nne anakuingiza mkenge. Na wote wanakosea mahali pamoja: wanatafuta karatasi moja inayomaliza yote, na karatasi hiyo haijawahi kuwepo.

Kwanza, unauza kiti au unauza gari?

Kabla ya kufika ofisi yoyote, ni lazima ujue unataka kufanya biashara gani, maana sheria inaanzia hapo. Daladala, au kifodi kama tulivyozoea kusema huku kwetu, inauza kiti. Ina njia yake iliyoandikwa, ina nauli iliyopangwa na LATRA, na abiria wa kiti cha nyuma hawezi kumwambia dereva akate kona ampitishe kwa shangazi yake Njiro. Teksi inauza gari zima. Aliyelikodi ndiye anayesema tunaelekea wapi, tunapita wapi na tunasimama wapi, awe peke yake au amejaza familia.

Kuna na gari la kukodi lisilokaa kijiweni, lile watu wanaloita spesho: mnapatana mapema, linawapeleka harusini Marangu au msibani Rombo, linawarudisha. Kisha kuna teksi mtandao. Hilo ndilo jina ambalo serikali inatumia kwa magari yanayoitwa kwa programu za simu kama Bolt, ambapo bei huonekana kwenye kioo cha simu kabla gari halijafika. Teksi ya kijiweni, spesho na teksi mtandao zote zinaingia kapu moja kisheria: usafiri wa kukodi. Kapu hilo lina kanuni zake za mwaka 2020, zilizotungwa chini ya sheria ya zamani ya leseni za usafirishaji ya 1973.

Hii tofauti ya kiti na gari zima inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayoleta migomo. Daladala za Arusha zimewahi kugoma zaidi ya mara moja kwa sababu ya bajaji, na ukisikiliza hoja yao, hawasemi bajaji zisiwepo. Wanasema bajaji imepewa ruhusa ya kukodiwa, halafu inasimama kituoni ikiita "mmoja, mmoja wa kuondoka!" na kupakia vichwa njia nzima. Yaani ina ruhusa ya kuuza gari, inauza viti. Mchomoko ni hadithi ileile kwa umbo jingine: gari dogo la mtu binafsi linalochomoka na abiria wanne au watano kati ya mji na mji, kila mmoja na nauli yake. Binafsi naona daladala wana haki kwenye karatasi, na abiria wa Moshono anayesubiri saa mbili usiku ana haki kwenye miguu yake. Ila mtu anayetaka kuanza biashara asichanganye mambo. Leseni ya teksi haikupi ruhusa ya kupakia kwa vichwa, hata uwe na gari zuri kiasi gani.

Kioo cha mbele kina maelezo yote

Nenda pale Mnara wa Saa, simama mbele ya teksi yoyote iliyopangwa vizuri uitazame bila haraka. Kwenye kioo cha mbele utaona stika ya bima. Pembeni yake huenda kuna stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani, nyingine ya mwaka huu, nyingine imepauka ni ya miaka miwili iliyopita. Kuna ya LATRA. Ubavuni kuna mstari wa rangi. Shuka chini hadi kwenye bamba la namba: nyeupe, wakati IST ya jirani yako inayokwenda kazini na kurudi ina bamba la njano. Dereva akifungua pochi, ndani kuna leseni ya udereva. Na akikuonyesha simu yake, huenda kuna ujumbe wa deni la maegesho.

Hizo ni ofisi tano au sita tofauti, na kila moja inauliza swali lake. Ukitaka kuelewa kwa nini hazikuunganishwa, fikiria bucha pale soko la Kilombero. Muuza nyama ana cheti cha afya kinachosema yeye mwenyewe si mgonjwa. Nyama ina muhuri wa mkaguzi. Duka lina leseni ya biashara. Na fremu ina kodi yake. Hakuna mteja anayedhani kodi ya fremu inathibitisha kwamba nyama ni salama, wala kwamba muhuri wa mkaguzi unampa mtu haki ya kukaa fremu namba fulani. Kwenye teksi watu wanachanganya hayo kila siku.

LATRA: ruhusa ya kufanya biashara

Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini iliundwa kwa sheria ya mwaka 2019 na kuchukua kazi za nchi kavu zilizokuwa za SUMATRA, mamlaka iliyoitangulia. Wazee wa kijiweni bado wanasema "Sumatra", na ukiwasahihisha wanakutazama kama chalii aliyefika mjini jana. Hii ndiyo ofisi inayotoa leseni ya usafirishaji, yaani ruhusa ya kubeba watu kwa malipo. Bila hiyo, kila kitu kingine ulicho nacho kinathibitisha tu kwamba una gari na unajua kuliendesha.

Leseni hii inafungwa na mambo mawili: mwombaji na gari. Inaandikwa kwa jina la mtu au kampuni, na kwa namba ya gari fulani. Ukiwa na IST mbili unahitaji leseni mbili. Ukiuza moja, leseni haihami na ufunguo kwenda kwa mnunuzi. Ina muda wake, na kuihuisha ni kazi yako, hakuna atakayekuja kukugongea mlango kukukumbusha isipokuwa trafiki, na huyo huja kwa njia yake.

Maombi siku hizi yanapita kwenye mfumo wa mtandaoni wa LATRA unaoitwa RRIMS. Unajisajili, unaingiza taarifa zako na za gari, unaambatisha kadi ya gari, bima na ripoti ya ukaguzi, na mfumo unakupa namba ya malipo, ile ambayo kila mtu huiita kontroo namba. Unalipa benki au kwa simu. Sisisitizi hili kwa kupenda teknolojia. Nasisitiza kwa sababu pale nje ya ofisi nyingi za mikoani hakukosekani kijana mwenye bahasha, anayejua "mtu wa ndani", ambaye atakuombea kila kitu kwa bei ya kirafiki. Ada halali ya serikali inalipwa kwa namba ya malipo na inaonyesha jina la taasisi kabla hujabonyeza kukubali. Fedha iliyoingia mfukoni mwa mtu haina risiti, na leseni iliyopatikana hivyo usishangae ikiwa haimo kwenye mfumo siku ya kukaguliwa. Ukikwama, LATRA ina afisa mfawidhi wa mkoa, Arusha na Kilimanjaro, na kumwona ni bure.

Kabla ya kufika huko lakini, gari lenyewe lazima liwe la biashara. Kubadili matumizi kutoka binafsi kwenda biashara kunafanyika Mamlaka ya Mapato, TRA, ambao ndio wenye daftari la usajili wa magari nchini. Hapo ndipo bamba la njano linapoondoka na jeupe kuingia. Wengi wanaishia hapo, wanaona namba nyeupe inang'aa, wanaanza kazi. Yule shemeji wa Moshi ndipo alipoishia.

Halmashauri: mwenye mahali

Sasa tuje kwa jiji, maana kusema halmashauri haitoi leseni ya teksi si kusema haihusiki. Inahusika sana. Halmashauri ya Jiji la Arusha, kama Manispaa ya Moshi, ina madaraka juu ya mahali: stendi, masoko, pembezoni mwa mitaa, usafi na utaratibu wa mji. Inatunga sheria ndogo. Inaamua teksi zisimame wapi, ngapi, na upande upi wa barabara, kwa kushirikiana na trafiki. Ikiamua kuhamisha kituo kwa sababu inapanua soko, kituo kinahama, na leseni yako ya LATRA haiwezi kuzuia hilo.

Kuna sababu ya haki kabisa kwa nini watu wanaamini jiji ndilo linalotoa leseni. Mwaka 2010 zilipotoka kanuni za pikipiki na bajaji, kazi ya leseni za vyombo hivyo ilikasimiwa kwa halmashauri, kwa kuwa SUMATRA isingeweza kufika kila kata kuhesabu bodaboda. Kwa hiyo kizazi kizima cha vijana kilikwenda halmashauri, kikapewa karatasi, kikaandikiwa namba ya kijiwe. Mtu aliyepitia bodaboda kisha akakusanya akiba akanunua gari anategemea utaratibu uleule. Hajakosea kufikiri hivyo, ila chombo kimebadilika na mlango umebadilika.

Kisha kuna kijiwe chenyewe, na hapa ndipo penye utamu na uchungu wa biashara hii. Kijiwe cha teksi ni taasisi isiyo na kibao. Kina mwenyekiti, katibu, mweka hazina, daftari la foleni na adhabu kwa anayeruka zamu. Mgeni anafika na gari lake safi, ana kila karatasi, anapaki nyuma ya gari la mwisho. Hazipiti dakika kumi kabla mzee mmoja hajamjia dirishani, kwa sauti ya upole kabisa: "Kaka, karibu. Ila hapa pana wenyewe."

Maana yake ni kiingilio. Kwenye vijiwe vya nguvu, vilivyo karibu na stendi, hospitali au hoteli kubwa, kiingilio kinaweza kumuumiza mtu kuliko ada zote za serikali zikijumlishwa. Si lazima kiwe wizi. Mara nyingi kikundi kina katiba, kina mfuko wa kufa na kuzikana, kinamlipia mwenzao faini akikwama, na kinajua nani ni nani, jambo ambalo mama anayerudi na watoto usiku analithamini kuliko stika yoyote. Lakini kiingilio ni makubaliano ya watu na watu. Hakikupi ruhusa ya kubeba abiria, na jiji likifuta kituo kesho hakuna wa kumdai. Vilevile leseni ya LATRA haiwalazimishi wenye kijiwe wakupe nafasi kwenye foleni yao. Vitu hivi viwili vinatembea sambamba na havikutani, na anayeanza biashara anatakiwa avipigie hesabu vyote viwili kabla hajamlipa muuza gari.

Ushuru wa maegesho nao umezidisha ukungu. Mtu akiona kijana mwenye mashine mkononi anasema "jiji wamekuja". Katika miaka ya karibuni maegesho ya pembezoni mwa barabara za mijini yamekuwa yakikusanywa kupitia TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kwa mfumo wa namba ya malipo. Kijana anaingiza namba ya gari, deni linakaa kwenye mfumo, ukiwepo usiwepo. Kulipa deni hilo kila siku kwa mwaka mzima hakukufanyi uwe dereva wa teksi halali. Umelipia ardhi uliyoisimamishia matairi, basi.

Kwa nini ukitafuta mtandaoni unapotea

Wapo wanaofanya kitu cha busara: wanatafuta maelezo kwenye simu. Wanaandika swali kwa Kiingereza, na kinachotoka ni kurasa za Uingereza zinazosema nenda kwenye halmashauri yako. Wanafunga simu wakiwa na uhakika, na wamekosea.

Kule ni kweli. Nje ya London, leseni za teksi Uingereza hutolewa na halmashauri za mitaa. Ndani ya London kazi hiyo ni ya mamlaka ya usafiri ya jiji. Sheria zao zinatenganisha aina mbili. Teksi halisi, iliyo chini ya sheria yenye mizizi ya mwaka 1847 enzi za farasi, inaruhusiwa kusimama kwenye kituo na kupungiwa mkono barabarani. Gari la kukodi la binafsi, lililopewa utaratibu wake na sheria ya 1976, haliruhusiwi kumchukua mtu aliyenyoosha mkono njiani. Ni lazima safari iagizwe mapema kupitia kampuni yenye leseni. Kwa hiyo hapo kuna leseni tatu: ya dereva, ya gari na ya kampuni inayopokea maagizo. Dereva anachunguzwa rekodi yake ya jinai, na halmashauri lazima iridhike kwamba ni mtu anayefaa kukabidhiwa abiria. Kama una ndugu huko anayekwambia amekaa miezi akisubiri halmashauri imkubalie, anasema kweli.

Lakini utaratibu huo una shimo lake, na shimo hilo linatueleza kwa nini huku kwetu leseni ni ya kitaifa. Dereva wa kule anaweza kuomba leseni halmashauri moja na kufanya kazi kwenye eneo la nyingine, na ndivyo Wolverhampton ilivyogeuka mji unaotoa leseni kwa madereva wa miji iliyo mbali nayo kabisa, huku halmashauri za miji hiyo zikilalamika kwamba haziwezi kuwadhibiti. Sasa chukua ramani yetu. Jiji la Arusha ni dogo. Ukitoka Mnara wa Saa kuelekea uwanja wa ndege wa Kilimanjaro unaliacha jiji, unaingia Halmashauri ya Meru, unapita Tengeru na Usa River, na uwanja wenyewe uko wilaya ya Hai, mkoa mwingine. Ukielekea Ngaramtoni umeingia Halmashauri ya Wilaya ya Arusha. Kama kila moja ingekuwa na leseni yake, safari moja ya kumpokea mgeni ingehitaji karatasi za halmashauri tatu. Leseni ya taifa inaondoa usumbufu huo. Ubaya wake ni kwamba mji wenyewe unabaki na sauti ndogo juu ya idadi ya teksi zinazozunguka ndani yake, na foleni ya kuingia mjini siku ya soko ni ushahidi wa kutosha.

Programu ya simu haifuti kitu

Turudi kwa yule wa nne aliyesema teksi mtandao ni mteremko. Ni kweli kujiunga na programu ni rahisi: picha ya leseni ya udereva, picha ya kadi ya gari, siku chache, unaanza kupokea safari. Urahisi huo ni wa kampuni. Sheria haikuondoka. Kampuni yenyewe inatakiwa iwe na leseni ya LATRA, na gari linalobeba abiria kupitia kwake linatakiwa liwe na yake.

Anayedhani LATRA haina meno huku akumbuke yaliyotokea mwaka 2022. Madereva walilalamika kwamba kampuni zinakata kiasi kikubwa kwenye kila safari, LATRA ikaweka kikomo cha asilimia 15. Uber ikasema haiwezi, ikasitisha huduma zake nchini mwezi Aprili mwaka huo. Baadaye kikomo kilipandishwa hadi asilimia 25, na mwanzoni mwa 2023 ikarejea. Katika mvutano wote huo hukusikia halmashauri ya mji wowote ikitajwa, kwa kuwa halikuwa jambo lao.

Teksi mtandao inaondoa kitu kimoja tu kwa uhakika: kijiwe. Hulipi kiingilio kwa sababu hukai kwenye foleni ya mtu. Ndiyo maana wenye vijiwe wanaichukia, na ndiyo maana dereva wa programu anayekwenda kupokea abiria karibu na stendi hukuambia kwenye simu, "Mama, sogea kidogo mpaka pale sheli, nakuja."

Mambo yanayosemwa ambayo si kweli

"Leseni ya gari ilifutwa enzi za Magufuli." Kilichofutwa kwenye bajeti ya 2017/18 ni ada ya mwaka ya leseni ya gari, ile tuliyoita rodi laiseni, ambayo kila mwenye gari alikuwa akiilipa hata gari likiwa limelala gereji. Serikali iliihamishia kwenye mafuta kwa kuongeza shilingi 40 kwa lita. Ilikuwa ada ya kumiliki gari. Leseni ya usafirishaji ni kitu kingine, na haikuguswa.

"Nina stika ya Nenda kwa Usalama, trafiki hawezi kunisumbua." Stika hiyo inahusu ukaguzi na kampeni ya usalama barabarani. Inasema kitu kuhusu breki na taa, haisemi lolote kuhusu biashara.

"Kumpeleka mzungu Ngorongoro ni safari ya teksi kama nyingine." Hapa ndipo Arusha na Moshi tunapotofautiana na Tabora. Kumtoa mgeni uwanja wa ndege hadi hotelini ni kazi ya teksi. Kumpangia na kumuuzia ziara ya hifadhini ni biashara ya utalii, yenye leseni yake ambayo wengi bado huiita TALA, iliyo chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Madereva wengi wanaifanya kimyakimya kwa kuwa mgeni amewapenda. Wanaolipia leseni hiyo wana haki ya kukasirika.

Na kuna Desemba. Kila mwaka mwishoni, watu wa Kilimanjaro wakirudi nyumbani, LATRA hutoa vibali vya muda kwa mabasi ya ziada, na unaona Coaster ya mjini ikishuka Moshi kutoka Dar. Watu wakiona hivyo wanadhani mwezi huo kila chombo kimeruhusiwa. Coaster ile ina kibali chenye tarehe. Gari lako la namba ya njano lililojaza watu watano kwa nauli halina.

Bima, na dereva wa jioni

Nimeiacha bima hadi hapa kwa sababu ndiyo karatasi ambayo watu huikumbuka siku ya ajali. Sheria inalazimisha kila gari liwe na angalau bima ya mtu wa tatu. Lakini hati ya bima inaeleza gari linatumika kwa nini, na bima ya gari binafsi ni rahisi kuliko ya gari la abiria kwa sababu hatari zake ni ndogo. Mtu anabana matumizi, anakata ya binafsi, anabeba abiria kwa malipo. Stika kwenye kioo anayo, trafiki akiihakiki kwenye mfumo anaiona iko hai. Siku gari linaingia mtaroni pale Kikatiti na abiria wawili wamevunjika miguu, kampuni ya bima inauliza swali moja tu: walikuwa wanalipa?

Swali la pili ni nani alikuwa anaendesha. Teksi nyingi za mji huu si za wanaoziendesha. Tajiri ana gari, dereva analeta hesabu kila jioni au kila wiki, au wako kwenye mkataba ambao dereva akimaliza kulipa gari linakuwa lake. Leseni ya usafirishaji iko kwa jina la tajiri. Bima iko kwa jina la tajiri. Cha dereva ni leseni yake ya udereva, na hiyo lazima iwe ya daraja linaloruhusu kubeba abiria kwa malipo, yaani C na matawi yake kulingana na ukubwa wa gari. Daraja D linakutosha kuendesha gari la nyumbani, halikutoshi kuendesha teksi. Sheria ya 2019 pia iliipa LATRA kazi ya kuthibitisha madereva wa vyombo vya biashara, juu ya leseni anayoipata kupitia polisi na TRA.

Dereva mwenye kila kitu huchoka, au ana msiba, au anataka kwenda kuangalia mpira. Anampa gari deiwaka, kijana wa mtaani anayejua kuendesha vizuri tu, mwenye leseni ya D, au aliyeiacha ya kwake ikaisha muda. Tajiri hajui, yuko Boma Ng'ombe anasubiri hesabu. Gari lina namba nyeupe, lina leseni ya LATRA, lina bima ya biashara iliyolipiwa kamili. Hati nyingi za bima zina sharti kwamba anayeendesha awe na leseni halali ya daraja la gari hilo, na kwa saa zile tatu za deiwaka sharti hilo halijatimia. Kwa hiyo unapoandikiana mkataba na dereva, pamoja na kiwango cha hesabu na nani anabadilisha oili, andika ni nani mwingine anayeruhusiwa kushika usukani, na ubaki na nakala ya leseni yake.